Bega la Kushoto

Jumapili, tarehe saba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jumatano ya tarehe tano mwezi uliopita, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nilipoteza koti moja la kiume, la buluu iliyoiva, vifungo viwili mbele na vinne kila mkono, uzito gramu elfu moja mia moja na themanini pamoja na mfuko wake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishikisha kalamu, lakini adabu sijaisahau. Hujambo wewe? Goti linakuendeaje na baridi hii? Macho je, bado unatunga uzi sindanoni bila miwani na kumcheka Mama? Mimi ni mzima wa afya. Cherehani zangu tatu nazo ni nzima, ingawa ile niliyoondoka nayo nyumbani siku hizi hugoma kila Jumatatu, kama mfanyakazi wa serikali.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi. Lakini Baba, wewe na mimi simu imetushinda. Kila nikipiga unasema, "Hujambo, haya nakupa mama yako." Siku moja nilikupima: sekunde nne. Salamu zangu hupita kwa Mama kama chai kwenye chujio, na zako zinarudi kwa njia hiyo hiyo, mpaka zikifika hazina hata rangi. Karatasi angalau huwezi kumpokeza mtu kabla hujajua imesema nini. Basi kaa kitini, na usiruke kwenda mwisho. Nakufahamu, hata nguo ya mtu huanza kwa kuigeuza ndani nje.

Kwanza nikukumbushe tulipoachia, maana hesabu isiyo na mwanzo haina jibu. Miaka saba iliyopita niliondoka kwako na cherehani moja na begi la nguo. Binamu zangu wawili uliwafundisha kukata makoti. Mimi ukanipa vifungo na upindo, ukasema koti ni kazi ya mkono mzito, na wangu ni mwepesi. Leo binamu mmoja anauza rangi za nyumba na mwingine anatengeneza friji. Mimi nakata makoti. Nilipokuambia nitauza kwa simu, mteja atume vipimo nami nitume nguo, uliweka mkasi chini ukasema ninakwenda kuwashonea watu wa kwenye kioo. Ukaongeza lile neno lako, kwamba mteja usiyemshika bega utamkosea bega. Neno hilo nimelibeba miaka saba kama sindano iliyosahaulika ndani ya nguo. Kila nikikaa, linanichoma.

Nikalijibu kwa hesabu. Nimeshona makoti mia nne na kumi na mawili kwa watu ambao sijawahi kuwaona. Yaliyorudi kurekebishwa ni tisa tu. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, dirisha linatazama mashariki, na nakilipia mwenyewe kila tarehe mosi. Wewe hujawahi kukanyaga hapa.

Sasa lile koti. Aliyeliagiza ni mpiga ngoma kubwa wa bendi ya matarumbeta, mji wa pili kutoka kwangu. Amebeba ile ngoma kifuani miaka kumi na tisa, na sasa wenzake walikuwa wamempa uongozi. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili angesimama mbele yao kwa mara ya kwanza na kifimbo mkononi, na alitaka koti la mtu anayetazamwa. Alituma vipimo: kifua sentimita mia moja na mbili, kiuno tisini na sita, mkono sitini na moja, bega la kushoto limeshuka sentimita moja na nusu kuliko la kulia. Nilikata, nikashona, nikatia kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani na kuufunga kwa sindano, maana mimi sifungi vifurushi kwa utepe wa gundi. Nikaandika anwani kwa mkono wangu juu ya mfuko. Jumatatu ya tarehe tatu nikaupeleka kampuni ya vifurushi. Jumatano simu ikanionyesha neno moja: kimepokelewa. Nikaendelea na kazi.

Ijumaa mpiga ngoma akauliza koti lake liko wapi. Nikamwambia amelipokea juzi saa tano na dakika ishirini. Akasema juzi saa tano na dakika ishirini alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, na daktari ni shahidi. Nikamwambia mfumo wa kampuni hauna shangazi wala mjomba, haumpendelei mtu, na umeandika kimepokelewa. Akajibu kwamba kama mfumo ndio uliopokea, basi mfumo uje ulivae na upige ngoma.

Tukaanza vita, Baba. Nimeshakutana na wateja wa aina hiyo, wanaovaa nguo harusini kisha wanasema haikufika, kwa hiyo sikumwonea huruma. Yeye naye aliona ametapeliwa na fundi wa hewani. Kuanzia Jumamosi alinitumia picha moja kila asubuhi saa moja kamili: hanga tupu limening'inizwa kwenye ngoma yake. Hakuandika neno. Siku ya nne akaongeza tai, ikaning'inia pale peke yake kama mjane kwenye kituo cha basi. Siku ya sita akaandika kwamba kama sina aibu, basi niionee haya hiyo tai. Nilicheka, nikakasirika kwamba nimecheka, nikamwandikia kuwa katika makoti mia nne na kumi na mawili sijakosea anwani hata moja, na kama kosa ni langu nitaitafuna futi yangu ya kupimia mbele yake.

Ijumaa ya tarehe kumi na nne mlango wangu ukagongwa. Nikafungua, nikaona ngoma kwanza, kisha mtu nyuma yake. Ni pande la mtu, lakini lina aibu, likaniamkia vizuri, likaomba radhi kwa kupandisha ngoma ngazini. Alisema anatoka mazoezini na hangeweza kuiacha kwenye basi. Akauliza kwa upole kama mimi ndiye yule mwanamke mkali. Nikasema ndiye. Akasema alitegemea mtu mrefu zaidi. Nilifunga cherehani, tukaenda pamoja ofisi ya kampuni ya vifurushi, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenziwe ataumbuka.

Karani wa madai alitukalisha. Akaeleza kwamba kila kifurushi kikipokelewa, msafirishaji hupiga picha, ila picha haiji kwenye simu ya mtu mpaka aiombe. Siku tisa nzima sikuiomba, mimi niliyekuwa nategemea neno la mfumo. Akaomba namba ya risiti. Nilipoitoa, mpiga ngoma akaichungulia, akauliza mbona imeandikwa kanda ya tatu, wakati yeye anaishi kanda ya kwanza. Baba, mimi huhesabu hata pini zilizomo kikombeni. Risiti ile ilikuwa pochini mwangu tangu tarehe tatu na sikuwahi kuisoma.

Karani akageuza kioo cha kompyuta upande wetu. Palikuwa na mlango wa kijani uliobanduka rangi karibu na kitasa, na mkono wa mzee umeushika mfuko wangu wa marekani. Uso haukuonekana, ni mkono tu. Na kwenye kidole cha kati palikuwa na kastabini ya shaba ya kusukumia sindano, iliyobonyea upande mmoja.

Hiyo kastabini naijua. Niliibonyeza mimi kwa jino, nikiwa na miaka sita, chini ya meza yako, siku nilipokuwa natenganisha vifungo vya mashimo mawili na vya mashimo manne. Ulikuwa unaniita Kifungo siku hizo. Hukunipiga. Ulisema imebonyea mahali pazuri, sasa itakaa vyema zaidi.

Mpiga ngoma akauliza mzee huyo ni nani. Karani akaikuza picha ili asome anwani kwenye mfuko, akaisoma kwa sauti: jina lako, mtaa wako, namba ya nyumba yako. Kwa mwandiko wangu, na ile sita yangu yenye mkia. Mpiga ngoma alinitazama, akaitazama futi iliyoning'inia shingoni mwangu, kisha akaniuliza kwa heshima kabisa kama ningependa aniletee chumvi.

Karani alimpigia msafirishaji, mama mmoja wa pikipiki, akaweka spika tusikie sote. Yule mama alipoelezwa tu, akasema vipi asikumbuke, mzee yule alimchelewesha mizigo mitatu. Alisema uliupapasa mfuko kabla ya kutia sahihi, ukapitisha kidole kwenye mshono, ukasema, "Aliyeshona huu mfuko mimi namjua." Alisema ulikataa mkasi. Ulimpa glasi ya maji, ukamkalisha kwenye ngazi, ukafumua uzi tundu kwa tundu ili usikatike. Akasema amefanya kazi hiyo miaka mitano, watu wote huchana vifurushi kama fisi, na hajawahi kumwona mtu akifungua kitu polepole namna ile.

Nilitoka nje nikampigia Mama. Hapa Baba usimkasirikie; nilimbana mpaka akasema. Akaniambia tangu tarehe tano unalivaa. Umelivaa kwa kinyozi, dukani, na hata kwenda kuangalia mita ya maji. Kwamba kinyozi alipokuuliza ulilinunua wapi, ulimjibu nguo kama hiyo hainunuliwi. Akasema siku ya kwanza ulikaa nalo dirishani, ukaifumua bitana upana wa kiganja, ukatazama ndani nilivyoshikiza kitambaa kigumu cha kifua, kisha ukaishona tena kwa mkono wako na kusema, "Mkono mzito." Akasema ile kadi niliyotia mfukoni umeiweka ndani ya kasha la miwani.

Nilisimama kwenye kibaraza cha ofisi ile, Baba, nikalia huku natabasamu, mpiga ngoma amekaa pembeni ameikumbatia ngoma yake, hajui aangalie wapi. Mwishowe alipiga dum moja, ndogo, kwa kidole. Nikacheka.

Tukarudi kwangu. Nikamwambia nitamshonea koti jingine na litakuwa tayari Alhamisi, tarehe ishirini. Kosa ni langu, kwa hiyo na gharama ni yangu. Na kwa kuwa alikuwa amesimama mbele yangu, nikachukua futi nimpime mwenyewe. Alivua ngoma. Nikamshika mabega kwa mikono miwili, mteja wa kwanza kumshika katika miaka saba. Nikapima, nikapima tena. Bega la kushoto limeshuka nusu sentimita tu. Nikamuuliza vipimo vyake alivichukua nani. Akasema mkewe. Nikauliza alikuwa amesimamaje. Akasema alisimama kama anavyosimama siku zote kazini, yaani amevaa ngoma. Nikamkumbusha kwamba siku hiyo ya tarehe ishirini na mbili hatavaa ngoma, atashika kifimbo. Akatafakari. Akasema kweli, hilo hakuna aliyeliwaza nyumbani kwao.

Kwa hiyo lile koti, hata lingefika kwake kwa wakati, lingemkaa vibaya. Angesimama mbele ya watu bega moja limelegea kama ndizi iliyoiva sana. Lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani ambaye bega lake linashuka sentimita moja na nusu hata akisimama mikono mitupu.

La pili lilimalizika Alhamisi saa tisa alasiri. Jumamosi alinialika nikaenda. Laiti ungeona! Bendi imejipanga uwanjani, shaba inawaka juani, naye mbele na koti mabegani, limetulia kama limeota juu yake. Aliinua kifimbo na watu wakasimama. Mkewe alinishika mkono akanong'ona kwamba futi nimesamehewa. Walipomaliza, wapigaji wote kumi na wanne wakanizunguka, kila mmoja anataka la kwake, mpiga zumari mfupi anasukumana na mpiga besi. Kiongozi wao akawanyamazisha, akawaambia fundi huyu hapokei vipimo vya wake zenu.

Sasa nije kwenye lile ambalo Mama ameniomba nisikuandikie. Alisema umefurahi, nikae kimya. Mtungi uliojaa maji hautikiswi. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kosa likifunikwa na bitana litatokea begani. Basi naungama. Koti hilo halikuwa zawadi, Baba. Sikukutumia. Lilikuwa la mtu mwingine, lilifika kwako kwa makosa. Na ile kadi isemayo "Limeshonwa kwa ajili yako. Likikubana popote, niambie nirekebishe" hutiwa katika kila koti linalotoka hapa. Nimeshazituma mia nne na kumi na mbili.

Lakini kosa lenyewe nimelihesabu kila upande, na halitoki sawa. Vipimo vya mtu yule vilipofika, niliviangalia nikajua ni vya nani. Mia moja na mbili, tisini na sita, moja na nusu. Nilikuwa nikikuvisha makoti ya majaribio tangu nina miaka tisa, nikipanda juu ya kigoda kukushikizia pini. Bega hilo nalijua kuliko langu. Siku nane nilizolishona sikumshonea mpiga ngoma. Kila mahali nilipotaka kupitisha mshono haraka, nilisikia ukikohoa nyuma yangu, nikafumua. Jumapili nilipokaa na kalamu juu ya mfuko, mkono uliandika jina la mwenye koti. Mimi nilikuwa nimeshachelewa kuuzuia, nami sikujua mpaka karani aliposoma.

Jambo la pili ni la hesabu, na ndilo gumu zaidi. Yale makoti tisa yaliyorudi, sikuwahi kumwambia mtu yalirudi kwa nini. Yote tisa, Baba. Bega.

Ulikuwa sahihi. Kwenye mabega ulikuwa sahihi. Kwenye mkono mzito ulikosea, na umeshasema mwenyewe, Mama amesikia. Kwa hiyo tuko sare.

Koti ni lako, silitaki. Ila likikubana popote, niambie nirekebishe. Safari hii kadi inakutaja wewe.

Msalimie Mama sana, mwambie asinipigie kuniuliza nimeandika nini. Atakuwa ameshaisoma begani mwako. Wasalimie binamu zangu, muuza rangi na mtu wa friji. Kinyozi naye mwambie koti kama hilo linanunuliwa, anitumie vipimo, ila aje mwenyewe.

Na sasa ombi langu. Jumamosi ya tarehe ishirini wapigaji kumi na wanne wanapanda ngazi zangu kupimwa, bila vyombo vyao. Mabega ishirini na nane. Mikono yangu inajua kukata; ya kushika bega na kujua linakokwenda ni yako. Nimenunua kiti kisicho na magurudumu, nimekiweka dirishani, na meza nimeiinua sentimita nne kwa ajili ya goti lako. Basi la saa mbili asubuhi linakufikisha kabla ya adhuhuri. Nataka ufanye kazi nami, si siku hiyo tu.

Unajua simu yangu. Nipigie kabla ya Alhamisi, tarehe kumi na nane, saa sita kamili mchana. Neno moja linatosha: nakuja, au siji. Lakini uniambie wewe, kwa mdomo wako. Ukisema "haya nakupa mama yako", nitahesabu umekataa. Je, Baba, unakuja?

Binti yako,
Kifungo